Kijiji cha Hirta katika Picha za Kale

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaelezea picha, na redio haina macho. Basi tutajaribu kuwa macho yenu. Na wale watakaoyasoma mazungumzo haya katika kitabu hiki wataweza kwenda polepole, kusimama panapowapendeza, na kuirudia picha mara ya pili. Picha tutakazozisema ni za kijiji kimoja kidogo sana, chenye njia moja na nyumba 16 tu zilizojengwa mstari mmoja kuifuata pwani, katika kisiwa kiitwacho Hirta. Kijiji hicho hakina wenyeji tena. Waliondoka wote siku moja, tarehe 29 Agosti 1930, na picha ni sehemu kubwa ya urithi waliotuachia.

Hirta ndicho kisiwa kikubwa katika visiwa vya St Kilda, navyo viko magharibi ya Scotland, yapata maili 40 kutoka kisiwa cha North Uist. Mtu wa Dar es Salaam afikiri safari ya kwenda mji wa Unguja. Umbali ni karibu na huo. Lakini bahari yenyewe si kama hii yetu. Ni bahari ya Atlantiki, yenye baridi na mawimbi makubwa, na kisiwa kina ghuba moja tu ya kutia mashua. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, hata ghuba hiyo haiingiliki. Nyuma ya kijiji hupanda mlima Conachair, urefu wake futi 1,400, na upande wa kaskazini mlima huo umekatika wima mpaka majini kama uliokatwa kwa shoka. Mti hapana hata mmoja. Wenyeji walisema lugha ya Kigaeli, na majina ya jamaa zao yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Gillies, MacDonald, Ferguson, MacKinnon na MacQueen. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo wa MacLeod wa Dunvegan, katika kisiwa cha Skye. Kila mwaka wakili wa bwana huyo alifika kwa mashua kutoza kodi, naye kwa muda mrefu hakupokea fedha bali manyoya ya ndege, mafuta, nguo za sufu na shayiri.

Pengine mtu atauliza, Kwa nini mwende mbali hivyo? Jibu letu ni kwamba kijiji hiki hakikuwa na watu wengi kupita 110 katika siku zote za kamera, na wakati mwingi walikuwa kama 70 tu, lakini kwa muda wa miaka 70 wageni hawakuacha kukipiga picha. Ni shida kupata kijiji kingine kidogo kiasi hicho kilichotazamwa hivyo. Basi hapa twaweza kujifunza yale ambayo picha ya kale huyasema, na yale inayoyanyamazia.

Picha za kwanza zilipigwa mwaka 1860 na Kapteni Thomas wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliyekuwa akipima bahari za huko. Siku zile picha ilichukuliwa juu ya karatasi iliyotiwa dawa, na mtu aliyepigwa ilimpasa kukaa kimya bila kutikisika kwa muda. Ndiyo sababu watu wa picha hizo za zamani wanaonekana wakali, kana kwamba wamekasirika. Hawakukasirika. Walikuwa wamezuia pumzi.

Thamani ya picha hizo ni kwamba zilipigwa katika wakati wa mwisho wa kijiji cha kale. Nyumba za siku zile zilikuwa za mawe, kuta zake nene kupita urefu wa mkono, paa la majani lililofungwa kwa kamba, na ng'ombe walilala upande mmoja wa nyumba ili joto lao liwafae watu. Mwaka uo huo wa 1860 dhoruba kubwa ikaziharibu paa. Bwana MacLeod akajenga nyumba mpya 16, akazimaliza kama mwaka 1862, zenye madirisha na vyumba, nazo zikaezekwa bati. Wageni walizisifu sana. Lakini wenyeji walisema kwamba nyumba mpya zina baridi kuliko zile za zamani, na upepo mkali uling'oa mabati hata ikabidi kutafuta paa za namna nyingine. Msomaji aliyepata kulala chini ya bati usiku wa baridi, kisha akalala chini ya paa nene la majani, hatahitaji kuelezwa zaidi. Katika picha za baadaye nyumba hizi mpya ndizo zinazoonekana mbele, na zile za kale ziko kati yake, zimefanywa mazizi na ghala.

Sasa tuitazame picha iliyo mashuhuri kuliko zote. Ilipigwa mwaka 1886 na mtu wa kampuni ya George Washington Wilson, mpiga picha wa Aberdeen aliyeuza picha za Scotland kwa maelfu. Wanaume wa kijiji wamejipanga njiani, mbele ya nyumba. Wengi wana ndevu, wamevaa kofia na nguo nene za sufu walizofuma wenyewe, na nyuso zao zimeigeukia kamera. Chini ya picha pameandikwa kwamba hili ni Bunge la St Kilda.

Jina hilo lilikuwa la mzaha kidogo. Wageni waliona ajabu kwamba wavuvi na wawinda ndege wanakutana kila siku asubuhi, isipokuwa Jumapili, ili kushauriana, wakawafananisha na wakubwa wa London. Wasikilizaji wetu hawataona ajabu. Watasema, Hilo ni baraza. Na kweli lilikuwa baraza. Hapakuwa na mkuu wa mkutano, na kila mwanamume alikuwa na haki ya kusema. Walishauriana juu ya kazi ya siku: je, bahari inafaa leo? Nani watashuka magengeni, na nani watakata majani ya ng'ombe? Kamba gani imechakaa? Mambo yaliyoonekana madogo kwa mgeni yalikuwa ni uhai na mauti, maana kamba mbovu humwua mtu. Na windo lililopatikana liligawiwa nyumba kwa nyumba, hata kwa wale wasioweza kupanda magenge tena.

Tuitazame picha hiyo tena. Wanawake hawamo. Lakini wanawake wa Hirta ndio waliobeba mizigo kutoka pwani, waliokamua ng'ombe na kondoo milimani, waliosokota sufu, na waliokamata kwa maelfu wale ndege wadogo wenye midomo ya rangi, waitwao pafini. Mtu akiisoma historia ya kijiji katika picha hii moja tu, atadhani nusu ya watu haikuwako. Twasema hivi si kwa kumlaumu mpiga picha. Alitaka Bunge, akalipiga Bunge. Ila yatupasa kukumbuka kwamba picha ni jibu, na kila jibu lina swali lake lililotangulia, nalo ni swali la mwenye kamera.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1896, walifika ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, waliopenda kuwapiga picha ndege na viota vyao. Hawakuridhika na njia ya kijijini. Walikwenda hata kwenye magenge. Katika picha zao twawaona watu wa Hirta wakishuka kwa kamba juu ya bahari iliyo mamia ya futi chini yao, wengi miguu mitupu ili vidole vishike jiwe. Walishuka kumtafuta falma, ndege wa kijivu na mweupe mfano wa shakwe, ambaye hutaga yai moja tu kwa mwaka. Nyama yake ilitiwa chumvi ikawekwa kwa siku za baridi. Manyoya yalilipa kodi. Na mafuta yaliyo tumboni mwake yaliwasha taa na kutumiwa kama dawa. Kwa kuhifadhia nyama hiyo, mayai, nyasi na kamba, walijenga vibanda vya mawe visivyo na udongo katikati ya mawe, ili upepo upite ndani na kukausha vitu. Vibanda hivyo katika Hirta peke yake hupita 1,200, navyo vyaonekana karibu katika kila picha, vimetapakaa mlimani kama kundi la kondoo waliolala.

Tukiwa katika habari za Cherry Kearton, tuseme na jambo hili. Bwana huyo baadaye alifika katika nchi zetu. Mwaka 1909 alikuwa Afrika Mashariki akipiga picha za sinema za safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, na katika vita vya 1914–1918 alirudi akiwa askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Basi jicho lile lile lililowatazama wawinda ndege wa Hirta liliwatazama pia wanyama na watu wa huku. Na pengine mazoea ya jicho ni yale yale. Katika picha nyingi za kale za pwani yetu, chini yake pameandikwa tu “mwanamke wa Kiswahili” au “mpagazi”, na jina hapana. Kadhalika chini ya picha nyingi za Hirta pameandikwa “wenyeji wa St Kilda”, kana kwamba watu wale hawakuwa na majina, hali kijijini kila mtu alimjua mwenziwe tangu kuzaliwa.

Kuna watu wengine ambao picha haiwezi kuwaonyesha kabisa. Hao ni watoto wachanga. Katika karne ya 19, mtoto alizaliwa Hirta akiwa mzima, akanyonya vema siku za kwanza, kisha taya zikakaza, akashindwa kunyonya, na kabla ya siku ya nane au karibu nayo akafa. Ugonjwa huo ulikuwa pepopunda. Kuna miaka ambayo zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa walikufa hivyo, na wazazi waliuchukua msiba huo kuwa ni amri ya Mungu isiyopingwa. Angus Fiddes, mchungaji aliyekuja kisiwani mwaka 1889, hakukubali. Alisafiri mpaka Glasgow akajifunza namna ya kuzalisha kwa usafi na kukisafisha kitovu kwa dawa, akarudi akawafundisha wakunga, na katika miaka michache ya 1890 na kitu ugonjwa ukakoma. Hii, kwa maoni yetu, ndiyo habari kubwa kuliko zote katika historia ya kijiji hiki, na hakuna picha yake. Iko katika daftari la vizazi na vifo. Twaweza tu kuitambua kwa njia ya mzunguko: katika picha za baada ya mwaka 1900, mbele ya nyumba na mbele ya shule, watoto wamesimama wengi kuliko zamani.

Jambo jingine. Katika picha karibu zote kunameremeta jua, au walau ni mchana mweupe, majani yamestawi, watu wako nje. Hii si kwa sababu Hirta ni nchi ya jua. Ni kwa sababu wapiga picha walikuja kwa meli, na meli zilikuja wakati wa joto tu. Tangu mwaka 1877 meli ya moshi iitwayo Dunara Castle ilianza kuleta wageni watembezi, na mwaka 1898 ikafuatwa na nyingine iitwayo Hebrides. Wageni walishuka saa chache, wakanunua soksi, vitambaa na mayai ya ndege, wakapiga picha, wakapanda melini. Tangu mwisho wa kiangazi mpaka mwaka wa pili, kwa miezi kama minane, hawakuona mtu. Ikiwa na haja kubwa, wenyeji walichonga kijahazi cha mti kama mchezo wa mtoto, wakatia barua ndani, wakakifungia kibofu cha kondoo kilichojazwa pumzi ili kielee, wakakitupa baharini upepo ukielekea pwani ya Scotland. Desturi hiyo ilitokana na mwandishi John Sands, aliyekwama kisiwani mwaka 1877 pamoja na mabaharia wa meli ya Austria iliyovunjika. Vijahazi vingi vilifika; vingine vilichukuliwa na maji mpaka Norway.

Basi mtu wa mjini aliyenunua picha dukani aliona watu wa jua, wenye afya, wasio na kazi ila kusimama. Hakuona baridi, wala njaa ya mwezi wa tatu akiba inapopungua. Wengine waliandika kwamba watu wa Hirta ni wavivu wanaopenda kupewa zawadi, na wengine wakaandika kwamba ni watu waliobarikiwa wasiojua taabu. Maneno yote mawili yalitoka katika saa mbili tatu za siku moja ya jua. Nao wenyeji hawakuwa wajinga. Walijua kwamba sura zao zinauzwa mjini, wakaanza kutaka malipo kabla ya kusimama mbele ya kamera. Wageni walinung'unika kwamba kisiwa kimeharibika. Sisi twaona kwamba palikuwa na haki katika dai hilo, maana muuza picha hakuipiga bure wala hakuiuza bure.

Vita vilipoingia mwaka 1914, Jeshi la Majini likaweka kituo cha kupeleka habari hapo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mishahara, na vyombo viliwaletea chakula na barua hata wakati wa baridi. Tarehe 15 Mei 1918 manowari ya Kijerumani ya chini ya maji ilitokea ghubani ikakipiga mizinga kituo hicho. Kanisa na ghala viliharibika. Watu hawakuuawa, ila mwanakondoo mmoja. Lakini dhara kubwa halikutoka katika mizinga. Vita vilipokwisha askari waliondoka, na pamoja nao yakaondoka mishahara na vyombo. Na vijana waliokuwa wamekwisha kuyazoea wakaanza kuwafuata huko bara.

Hapa picha zaeleza vizuri kuliko maandishi. Mwaka 1921 watu walikuwa 73. Picha za miaka iliyofuata zina wazee, wanawake, watoto wachache, na vijana wa kiume wanahesabika. Mwaka 1930 walibaki 36. Mwenye kukijua kijiji ataelewa maana yake: si kwamba chakula kilikwisha, maana ndege walikuwa wengi kama zamani, mikono ilikwisha. Mashua kubwa yataka wapiga makasia kadha wa kadha. Kamba ya magengeni yataka mwenye nguvu juu wa kuishika. Lile baraza la picha ya 1886 lilikuwa na watu wa kutosha kugawa kazi. Baraza la 1930 lilikuwa na kazi nyingi kupita watu. Mwanzo wa mwaka huo mwanamke kijana mwenye mimba aliugua, hali ya bahari ikamchelewesha, na hatimaye akafia hospitali ya Glasgow. Msiba huo uliwakata moyo wengi.

Tarehe 10 Mei 1930 watu 20 walitia sahihi barua ya kuiomba Serikali iwahamishe. Nesi wa kisiwa, Williamina Barclay, aliwasaidia katika shauri hilo. Serikali ikakubali. Mwisho wa Agosti kondoo na ng'ombe walipakiwa katika Dunara Castle, ile ile iliyokuwa ikileta wageni. Alasdair Alpin MacGregor, mwandishi wa gazeti la The Times, alikuwako siku hizo za mwisho na kamera yake, na picha zake zinaonyesha watu wakishusha vyombo vya nyumbani mpaka pwani. Ukizilinganisha na picha za 1886 utaona tofauti ambayo si ya nguo wala ya nyumba. Wale wa kwanza wanaitazama kamera. Hawa wa mwisho wanaitazama mizigo yao.

Asubuhi ya tarehe 29 walisali, wakaacha katika kila nyumba Biblia iliyofunguliwa na nafaka kidogo, wakafunga milango. Mbwa walizamishwa ghubani kwa mawe yaliyofungwa shingoni, maana hawakuweza kuchukuliwa. Kisha wakapanda manowari iitwayo Harebell. Wengi wao walipelekwa Lochaline, katika nchi ya Morvern, na wanaume wakapewa kazi katika idara ya misitu. Watu ambao kisiwani kwao hapakuwa na mti wakawa walinzi wa miti.

Mwaka 1931 kisiwa kiliuzwa kwa Lord Dumfries, na mwaka 1957 kikawa amana ya Shirika la Kitaifa la Hifadhi la Scotland. Mwaka 1986 UNESCO ilikitia katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi wahifadhi hutengeneza kuta za njia ile, na kazi yao huongozwa na zile picha za zamani: hapa jiwe lilikuwapo mwaka 1886, hapa halikuwapo. Wenyeji walitawanyika, na walipopata umri mkubwa wengine walizikalia picha pamoja na wajukuu, wakiwataja watu mmoja mmoja kwa kidole. Wa mwisho katika waliozaliwa Hirta alifariki mwaka 2016, naye alikuwa na miaka 93. Siku ya Harebell alikuwa mtoto wa miaka 8.